"Waini hii kali": kuonja Merlot kwa maneno tuliyonayo

Mwaka juzi rafiki yetu anayesoma Bordeaux, Ufaransa, alikuja likizo Dar es Salaam na chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Saint-Émilion, eneo la huko huko Bordeaux, ya mwaka 2015, ameiviringisha kwenye taulo na kuisokomeza katikati ya nguo. Chupa za huko kwa kawaida huwa na zabibu za Merlot kwa sehemu kubwa, na mwaka 2015 ni mmoja wa miaka ambayo wakulima wa kule wanaitaja huku wakitabasamu. Tulikuwa wanne mezani, feni inazunguka, mishkaki bado iko motoni. Akatumiminia kidogo kidogo.

Shemeji akapiga funda moja, akakunja uso. "Kali."

Dada akaonja. "Kali kweli."

Nikaonja na mimi, nikaunga mkono. Mgeni wetu akanywea. Alikuwa ametusimulia kwa simu, mwezi mzima, jinsi mvinyo huo ulivyo laini.

Tulipoanza kuhojiana ndipo ikajulikana kwamba watu watatu tulikuwa tumesema neno moja kwa mambo matatu. Shemeji alikuwa anazungumzia koo: kinachoma kikishuka. Dada alikuwa anazungumzia mate: yamemjaa ghafla kama aliyelamba ukwaju. Mimi nilikuwa nazungumzia ufizi: umekauka, na ulimi umekuwa kama uliopakwa vumbi la chaki. Kuonja mvinyo mwekundu kunaanzia hapo, katika kulifumua hilo neno "kali" uzi mmoja mmoja. Msomaji asiyekunywa pombe naye ana nafasi yake, kwa sababu sehemu kubwa ya mafunzo yenyewe inafanyika kwa chai, ukwaju na maziwa.

Tuanze na la dada, ndilo jepesi. Uchachu wa mvinyo unatokana na asidi, na asidi kuu ya zabibu ni tatariki. Matunda mengi hayana asidi hii kwa wingi. Ndimu, kwa mfano, ina asidi nyingine kabisa. Tunda letu linalojulikana kwa kuwa nayo tele ni ukwaju. Kwa hiyo dada alipotaja ukwaju hakuwa anapamba maneno, alikuwa ametaja kemia yenyewe. Dalili ya asidi ni mate. Ukimeza mvinyo kisha ukainamisha kichwa kidogo na kufunga mdomo, mate yakikujaa upesi na mengi, asidi iko juu. Yakija polepole, iko chini. Huhitaji kujua zaidi ya hapo.

La shemeji ni pombe. Mvinyo ule ulikuwa na asilimia 14, kiwango cha kawaida kwa Merlot iliyoiva vizuri. Pombe haina ladha kubwa yenyewe, inajulikana kwa joto lake kooni na kifuani, na kwa uzito inaoupa mvinyo mdomoni. Ikizidi mizani inachoma, na joto la kinywaji chenyewe linaiongezea makali. Hapo ndipo sisi tulipokosea mapema kabisa, nitaeleza.

Langu ndilo linalohitaji kukaliwa kitako. Kiswahili kina neno lake halisi: ukakasi. Siku hizi limetekwa na wanasiasa na watangazaji, kila mkataba "una ukakasi" na kila kauli "inatia ukakasi", hadi tunasahau kuwa kabla ya mikataba lilikuwa neno la mdomoni. Ukakasi ndio ule mkwaruzo wa bibo, wa ndizi mbichi, wa zambarau ambalo halijaiva sawasawa. Si ladha hata kidogo. Ni hisia ya kugusa. Katika maganda na kokwa za zabibu kuna tanini, na tanini hushikamana na protini zilizomo katika mate, zile zinazoufanya mdomo uteleze. Utelezi ukiondoka, ulimi unakwaruzana na kaakaa. Ndiyo maana asidi na tanini, ambazo wengi huzichanganya, zinafanya kazi kinyume: moja inaleta mate, nyingine inayapokonya.

Ukitaka kuthibitisha, chemsha chai ya rangi, iache majani humo dakika kumi, usitie sukari. Kunywa funda na uisukutue. Ufizi wote utakunjamana. Sasa ongeza maziwa kidogo katika chai ileile, unywe tena. Ukakasi umepungua sana, kwa sababu tanini imekuta protini za maziwa na kushikamana nazo kabla ya kufika kwenye mate yako. Jambo hilo linahusu mishkaki yetu, nayo tutairudia.

Kuna na uchungu, ule wa kahawa ya mtaani inayouzwa na kashata. Uchungu ni ladha kweli, na huchelewa kujitokeza. Katika Merlot nzuri unatakiwa kuwa kidogo tu, mwishoni. Ukiwa mwingi, mara nyingi kokwa zilikaa mno au zilikuwa mbichi. Watengeneza mvinyo kabla ya kuvuna huingia shambani wakatafuna kokwa: ya kijani ni chungu na inatelezateleza, ya kahawia inavunjika kwa mlio kama njugu iliyokaangwa.

Neno jingine linalovuruga mambo ni "kavu", tafsiri ya neno linaloandikwa kwenye lebo. Mvinyo mkavu maana yake sukari imeliwa na hamira ikaisha, au ikabaki gramu chache kwa lita. Haina uhusiano na kukauka mdomo. Mvinyo unaweza kuwa mkavu na usiwe na ukakasi wowote, kama ulivyo mweupe wa Chenin Blanc wa Dodoma. Na mtu anayesema hapendi mvinyo mkavu mara nyingi, ukimhoji, anachokikataa ni tanini.

Sasa Merlot yenyewe. Sifa yake inayosemwa kila mahali ni ulaini, na kwa sifa hiyo imedharauliwa kama mvinyo wa kuanzia, wa kumpa mtu asiyezoea. Kuna ukweli ndani yake. Tembe zake ni kubwa na ganda ni jembamba kuliko za Cabernet Sauvignon, aina nyingine ya zabibu nyeusi ya Bordeaux, kwa hiyo maji ni mengi na tanini ni chache kwa kulinganisha. Inawahi pia kuiva, wiki moja au mbili mbele ya Cabernet Sauvignon. Vipimo vya DNA vimeonyesha kuwa baba yao ni mmoja, Cabernet Franc. Mama wa Merlot ni zabibu ya zamani iliyokwisha kusahaulika, Magdeleine Noire des Charentes, ambayo jina lake linahusishwa na sikukuu ya Maria Magdalena, 22 Julai, kwa jinsi inavyowahi kuiva.

Lakini kuwahi kuiva kuna hatari yake, na hapa ndipo Merlot nzuri inapoachana na Merlot ya bei ya jumla. Dirisha la kuvuna ni finyu. Ukivuna mapema, mvinyo unanukia pilipili hoho. Si mfano wa kishairi: kuna familia ya kemikali iitwayo pirazini iliyomo ndani ya hoho mbichi na ndani ya zabibu mbichi, na pua inaijua hata ikiwa chembe kidogo sana. Ukichelewa siku chache, sukari imepanda, asidi imeanguka, na unachopata ni jemu yenye asilimia 15 ya pombe: tamu puani, nzito mdomoni, imekufa mwishoni. Kati ya hoho na jemu kuna njia nyembamba, na kuipima Merlot kwa sehemu kubwa ni kuuliza huyu aliyeitengeneza amepita wapi.

(Hoho hiyo iliwahi kufichua siri. Kwa miaka mingi Chile ilikuwa inauza Merlot yenye harufu ya hoho isiyoelezeka. Mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, akatazama majani shambani akawaambia kuwa mingi ya mizabibu hiyo haikuwa Merlot bali Carmenère, aina iliyodhaniwa imekwisha kabisa.)

Mahali panapoonyesha Merlot inaweza kufika wapi ni Pomerol, ng'ambo ya kulia ya mto Dordogne, karibu na mji wa Libourne. Ni kisehemu cha hekta 800 hivi tu. Ng'ambo ya kushoto ya Bordeaux udongo ni changarawe, unapata moto upesi na maji hayakai, panafaa Cabernet Sauvignon inayochelewa. Pomerol, hasa juu ya kilima chake kidogo, kuna udongo wa mfinyanzi. Shamba la Petrus, hekta 11 na nusu, sawa na viwanja 16 vya mpira, limekaa juu ya udongo wa mfinyanzi wa rangi ya buluu unaovimba ukinyonya maji na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Udongo huo ni wa baridi. Unaishika Merlot mkono isikimbilie kuiva, unaipa muda wa kuivisha ganda na kokwa pamoja na sukari. Matokeo yake ni mvinyo wenye tanini nyingi, kinyume na sifa ya ulaini, ila tanini zenyewe zimeiva. Unazihisi kama mahameli na si kama msasa. Chupa moja ya Petrus huuzwa kwa maelfu ya euro, na sidhani nitaionja, lakini sababu ya umaarufu wake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kutofautisha bibo bichi na bibo bivu: ukakasi upo kote kuwili, ubora wake ndio tofauti.

Kwa hiyo swali la kuiuliza Merlot si "ina tanini kiasi gani?" peke yake. Isukutue mdomoni sekunde tano, itandaze hadi kwenye ufizi wa juu, kisha meza au uteme (waonjaji wa kazi hutema, wangeonjaje mvinyo 40 kwa siku?). Uliza: inakwaruza wapi? Je, inakwaruza kama mchanga, kama unga, au inakumbatia ulimi kisha inaachia? Inakauka mbele tu, au imeenea sawasawa? Hayo hayahitaji kamusi ya Kifaransa.

Nimeruka macho na pua kwa makusudi, kwa sababu watu hupoteza muda mwingi huko wakidhani ndiko kwenye utaalamu. Macho yana habari moja kubwa: umri. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, tazama ukingo. Merlot changa ina rangi ya zambarau. Ikikua inaingia kwenye damu ya mzee, halafu ukingo unaanza kuwa wa tofali, na Merlot hufika kwenye tofali mapema kuliko Cabernet Sauvignon. Zile michirizi zinazoteremka ndani ya glasi, zinazoitwa machozi, zinatokana na pombe kugeuka mvuke na kuvuta kimiminika juu. Hazisemi lolote kuhusu ubora, hata mhudumu akizisifia vipi.

Macho hayo hayo ni mashahidi wa uongo. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Ufaransa, Morrot, Brochet na Dubourdieu, walichapisha jaribio walilofanya Bordeaux kwa waonjaji 54. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waonjaji, watu waliokuwa wanasomea fani hiyo, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Pua ilikuwa imeshaamini macho. Ndiyo maana waamuzi makini huficha lebo, na wengine hutumia glasi nyeusi.

Puani, ile orodha ya matunda inayoandikwa nyuma ya chupa imewavunja moyo wengi. Mtu aliyekulia Morogoro hajawahi kunusa plamu mbichi wala beri nyeusi za vichakani, anaambiwa zimo, hazioni, anahitimisha kuwa pua yake mbovu. Pua si mbovu. Inahitaji kumbukumbu zake. Kwangu Merlot changa iliyotulia ni zambarau: weusi uleule, utamu unaofuatwa na uchachu, na ukakasi kidogo nyuma yake. Sishangai kwamba Wazungu waliliita zambarau plamu ya Java. Ikiwa imepata jua sana inaelekea kwenye tende. Ikizeeka chupani matunda yanarudi nyuma, na mbele vinakuja udongo uliolowa mvua ya kwanza, tumbaku, ngozi, uyoga.

Kisha kuna karafuu, na hapa hatuazimi chochote kwa mtu. Merlot ya hali ya juu hukaa miezi mingi ndani ya mapipa ya mwaloni ya lita 225, ambayo ndani yake yamebabuliwa kwa moto. Mbao hizo hutoa vanila, na hutoa yujenoli, ambayo ndiyo kemikali hasa inayoipa karafuu harufu yake. Mtu wa Pemba ataikamata kabla ya Mfaransa. Swali la tathmini ni dogo: je, karafuu inalisindikiza zambarau, au imelifunika? Mvinyo unaonukia pipa tu ni kama pilau ambalo bizari imezidi nyama.

Kasoro nazo hugunduliwa kwa pua. Gunia lililolowa na kuvunda: kizibo kimeharibu mvinyo, hata kama chupa ni ya bei mbaya. Siki au dawa ya kufutia rangi ya kucha: bakteria wameingia. Matunda yaliyochemka na kizibo kilichojisukuma juu: chupa imepigwa na joto mahali fulani kati ya ghala na duka. Hii ya mwisho, katika miji yetu ya pwani, si ngeni. Usinunue chupa iliyosimama dirishani penye jua.

Baada ya vipande hivyo, hukumu. Wapo wanaotoa alama. Mhakiki wa mvinyo wa Marekani, Robert Parker, ndiye aliyeusambaza mfumo wa alama 100, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na Merlot nono za ng'ambo ya kulia zilinufaika na ladha yake. Wapo wanaotegemea madaraja. Saint-Émilion ina orodha yake tangu 1955 inayopitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa kwa ugomvi mkubwa, hata mashamba ya Cheval Blanc na Ausone, yaliyokuwa juu kabisa, yalijitoa mwaka 2021. Pomerol haina daraja lolote, na Petrus inaishi bila hilo. Tena maneno "Grand Cru" kwenye lebo ya Saint-Émilion peke yake si daraja, yanahusu masharti ya uzalishaji tu, na mashamba mengi yanayatimiza.

Mimi nafuata mambo mawili, mengine nawaachia wenye kalamu. La kwanza ni mizani: je, kati ya uchachu, ukakasi na joto la pombe, kuna kimoja kinachopiga kelele kuliko tunda? La pili ni muda. Meza, kisha hesabu kimyakimya. Wafaransa wana kipimo, caudalie, sekunde moja ni kaudali moja. Mvinyo wa kawaida unaaga ndani ya sekunde nne au tano. Mzuri unafika kumi na kupita. Lakini angalia kinachobaki ni nini. Ukakasi ukidumu dakika nzima huku tunda limeshaondoka, huo si urefu wa ladha, ni deni. Kinachotakiwa kudumu ni zambarau.

Sasa turudi mezani kwetu. Kosa letu la kwanza lilikuwa joto. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "katika joto la chumbani" ulizaliwa katika nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chetu usiku ule kilikuwa na nyuzi 30 bila shaka. Mgeni wetu alipokumbuka hilo akajipiga paji la uso, akaiweka chupa kwenye friji kwa dakika 25, na glasi zetu akazimwaga kwenye jagi ziingie nazo. Ilipotoka, shemeji akaonja tena. Hakusema kitu, akasogeza glasi iongezwe. Mchomo ulikuwa umetulia, na harufu iliyokuwa imefunikwa na pombe ikajitokeza, karafuu ikiwa ya kwanza.

Mishkaki ikaja. Nikatafuna kipande chenye mafuta, nikanywa. Vumbi la chaki lilikuwa limeondoka, kama maziwa yalivyofanya kwa chai: tanini imekuta protini na mafuta ya nyama, ikashughulika nayo badala ya kuushughulikia ufizi wangu.

Malalamiko ya dada ndiyo pekee yaliyobaki. Mate bado yalikuwa yanamjaa. Ila sasa alikuwa na mshikaki mkononi, na kila alipokunywa alitaka kipande kingine, na kila alipokula alitaka funda lingine. Uchachu ule ndio uliokuwa umeushika mvinyo usianguke kuwa jemu, na ndio uliomaliza chupa. Chini ya glasi yake yalibaki mashapo meusi. Akaizungusha, akayatazama, akauliza kama hayo nayo huliwa.